Afya ya Jamaa: Baka Lisilouma Kinywani



Kila askari aliyepitia kambi ya mafunzo anaijua desturi ya ukaguzi. Bunduki hufunguliwa, hupanguswa na kupakwa mafuta, kisha mtutu huelekezwa penye mwanga ili afande atazame ndani kama mna kutu. Doa dogo la kutu halidharauliwi, kwa maana kutu hula chuma kimya kimya, wala haipigi kelele mpaka siku ile silaha inapokataa kufanya kazi. Wiki hii safu yetu yaomba ukaguzi wa namna hiyo ufanywe mahali ambapo wengi wetu hatutazami kamwe, yaani ndani ya kinywa.

Jino likiuma, mtu hakosi njia ya kufika kwa mganga, hata ikiwa ni usiku wa manane. Lakini doa jeupe, jekundu au jeusi likitokea shavuni au chini ya ulimi, nalo haliumi, aghalabu huachwa miezi hata mwaka. Huko ndiko kukosea njia. Kinywani, maumivu makali mara nyingi hutokana na mambo madogo yanayotibika upesi, hali maradhi mazito zaidi huanza kwa badiliko la rangi lisilo na maumivu yoyote. Basi yafaa tuzijue rangi hizo, ili tusiogope zisizo na ubaya, wala tusizipuuze zile zinazotuonya.

Rangi zisizo na ubaya

Watu weusi walio wengi wana fizi za rangi ya kahawia au nyeusi, pengine zote, pengine kwa mabaka mabaka. Weusi huo ni ule ule wa ngozi. Huonekana pande zote mbili za kinywa, nao haubadiliki sana mwaka hata mwaka. Mama asimsugue mtoto fizi kwa majivu akidhani ni uchafu, wala kijana asione haya kucheka eti fizi zake si nyekundu.

Kadhalika wako watu wenye vidoa vidogo vya manjano, mfano wa punje za ulezi, upande wa ndani wa mashavu na midomoni. Hivyo ni vifuko vya mafuta ya mwili. Havina dawa kwa sababu si ugonjwa. Mstari mweupe ukatao shavu mkabala na pale meno yanapokutana ni alama ya meno tu. Tena wako wenye ulimi unaofanana na ramani, wenye mabaka mekundu yaliyozungukwa na ukingo mweupe, leo yako hapa, baada ya siku chache yamehamia kule. Ulimi huo hauambukizi wala haugeuki kuwa saratani, ingawa pilipili na ndimu huweza kuuchoma.

Rangi ya kawaida hujulikana kwa tabia zake. Ama imekuwapo tangu utotoni, ama huja na kuondoka yenyewe. Haiwi ngumu, haiinuki, haichimbiki, wala haitoi damu.

Weupe unaofutika

Katika vinywa vya watu wengi wazima mna kuvu isiyoonekana kwa macho, iitwayo kandida. Mwili ukiwa na nguvu, kuvu hiyo hukaa kama mpangaji mtulivu. Ulinzi wa mwili ukilegea, huzaana na kutandaza utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, juu ya ulimi, mashavuni na kwenye kaakaa. Ukiufuta kwa kitambaa safi hutoka, na chini yake nyama huonekana nyekundu, pengine ikivuja damu kidogo.

Mtoto mchanga hupatwa na utando huu kwa kuwa kinga yake haijakomaa. Mama mzazi autofautishe na mabaki ya maziwa. Maziwa hukaa juu ya ulimi na hutoka kwa urahisi bila kuacha wekundu. Utando wa kuvu hung'ang'ania, nao hufika hata mashavuni na ndani ya midomo. Dawa yake ya matone, iitwayo nistatini, yajulikana na waganga wote. Na chuchu za mama zikiwa zinauma au zimepasuka, atibiwe pamoja na mtoto, ama sivyo wataambukizana tena na tena.

Kwa mtu mzima, utando huu huwa na sababu nyingi. Huja baada ya kutumia dawa za kuua vijidudu kwa muda mrefu, kwa maana dawa hizo huua na vile vijidudu vyema viizuiavyo kuvu. Huwapata wenye kisukari, na wazee walalao na meno ya bandia usiku kucha. Huwapata pia wenye pumu watumiao dawa za kuvuta kwa pumzi zenye steroidi. Hao yawapasa kusukutua kwa maji kila wavutapo. Na huwapata wale ambao kinga yao imedhoofishwa na virusi vya Ukimwi.

Hapa lazima tuseme wazi. Tangu maradhi hayo yalipodhihirika katika nchi yetu ya Uganda, huko Rakai kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria mwaka 1982, utando mweupe kinywani umekuwa jambo la kunong'onezwa. Jirani akiuona kwa mtu, hukumu imekwisha kutolewa, na pengine ndoa imekwisha kuvunjika. Hukumu hiyo ni batili. Utando hauthibitishi Ukimwi, na kukosekana kwake hakuthibitishi usalama. Kithibitishacho ni kipimo cha damu peke yake. Lakini mtu mzima aotaye utando huu pasipo sababu nyingine iliyo wazi, hapana budi apimwe, na apimwe mapema.

Zamani hofu ya kupimwa ilikuwa na maana yake, kwa kuwa majibu yalikuja bila dawa. Siku hizi sivyo. Mwaka 1996 ilithibitika kwamba mchanganyiko wa dawa huweza kuvidhibiti virusi, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila aonekanaye na virusi aanze dawa pasipo kungoja augue. Mtu azinywaye barabara hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Basi yule afichaye utando mweupe nyuma ya midomo iliyofumbwa huuficha mlango wa kuponea.

Weupe usiofutika

Sasa tuje kwenye weupe ambao hata ukifutwa hautoki. Huu nao una aina nyingi.

Aina ya kwanza ni kuungua. Wengi wetu, jino likiuma, huponda kidonge cha asprini na kukibandika kwenye ufizi. Asprini ni asidi. Haitulizi jino kwa kubandikwa, bali huchoma nyama, ikaacha baka jeupe lililokunjamana ambalo hubambuka na kuacha kidonda. Kidonge hicho ni cha kumezwa, nacho kimezwe na mtu mzima, si mtoto. Jino lenyewe lapasa kutibiwa.

Aina ya pili ni msuguano. Jino lililovunjika, au meno ya bandia yasiyokaa sawa, husugua nyama mahali pamoja mpaka ikafanya sugu, kama kiganja cha mshika jembe. Sababu ikiondolewa, weupe huondoka. Watafunao mairungi hupata weupe wa namna hii upande ule wa shavu wanaokusanyia majani.

Aina ya tatu ni nyuzi nyembamba nyeupe zilizosukwa kama utando wa buibui, aghalabu katika mashavu yote mawili kwa pamoja. Huu ni ugonjwa utokanao na kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yake yenyewe, hauambukizi. Ukifuatana na wekundu au vidonda huwasha sana, na mwenye nao hana budi atazamwe na mganga mara kwa mara, kwa kuwa kwa watu wachache huweza kugeuka.

Aina ya nne ni weupe wenye mikunjo ya wima katika kingo za ulimi, mfano wa nywele fupi. Huu husababishwa na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, ambacho historia yake yahusiana na nchi yetu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa huku. Vipande vya uvimbe huo vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenziwe, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wamekiona kirusi ndani yake. Kirusi hicho hicho watu wengi duniani wanacho bila madhara; lakini kinga ikidhoofika sana, hujitokeza kama weupe katika kingo za ulimi. Weupe huo wenyewe hauumizi wala hauui, ila ni ujumbe kwamba kinga ya mwili yapasa kupimwa.

Aina ya tano ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu. Ni baka jeupe, gumu kidogo, lisilofutika, lisiloweza kuelezwa kwa sababu nyingine yoyote. Haliumi. Mwenyewe huligundua kwa kulipapasa na ulimi, kama mtu apapasaye ukuta uliolipuliwa vibaya. Mara nyingi mwenye baka hili huwa mvutaji wa sigara au kiko, au mtumiaji wa ugoro na tumbaku ya kuwekwa chini ya mdomo. Mabaka mengi ya namna hii hayageuki kuwa saratani, lakini baadhi yake hugeuka, na hakuna jicho la mwanadamu, hata la tabibu bingwa, liwezalo kusema kwa kutazama tu ni lipi litakalogeuka. Yaliyo chini ya ulimi, katika kingo za ulimi na kwenye sakafu ya kinywa ndiyo ya kuhofiwa zaidi.

Baka jekundu

Ikiwa baka jeupe ni onyo, baka jekundu ni kengele. Tunasema juu ya eneo jekundu, laini kama mahameli, ambalo halikutokana na chakula cha moto, wala jino lenye ncha, wala meno ya bandia. Baka la namna hii si la kawaida kama jeupe, lakini ni la hatari kuliko jeupe. Mengi yaliyokatwa na kutazamwa kwa darubini hukutwa tayari yana saratani au mabadiliko makubwa yanayoielekea. Wekundu ukichanganyika na weupe katika baka moja, hatari hiyo ipo vile vile.

Watu wenye ualbino wawe waangalifu hasa kwa mdomo wa chini, kwa kuwa jua huuchoma kila siku. Mdomo uliokauka, wenye magamba au kidonda kisichopona, uonyeshwe kwa mganga. Kofia yenye ukingo mpana ni dawa ya kinga isiyo na gharama kubwa.

Rangi nyeusi, ya buluu na ya zambarau

Baka la kijivu au la buluu karibu na jino lililozibwa kwa madini, mara nyingi ni vumbi la madini hayo lililozama katika ufizi. Halidhuru, ingawa ni vema mganga wa meno alithibitishe. Wavutaji sigara nao huongezeka weusi katika fizi za mbele. Wakiacha kuvuta, weusi huo hupungua polepole. Dawa nazo zaweza kubadili rangi, kwa mfano klorokwini ikinywewa kwa muda mrefu huweza kulitia kaakaa rangi ya buluu iliyofifia.

Mafundi wanaoyeyusha betri kuukuu, na wale wakaao sana katika vyumba vya kulengea shabaha visivyo na hewa ya kutosha, wajihadhari na risasi, yaani yale madini yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Vumbi na moshi wake huingia mwilini. Mwaka 1840 tabibu Henry Burton wa London alieleza mstari wa buluu ukingoni mwa fizi za watu waliodhurika kwa madini hayo. Mstari huo ukionekana pamoja na kuumwa tumbo, kufunga choo na udhaifu wa mikono, mtu apelekwe hospitali. Na tangu hapo kila atokaye kwenye kazi hiyo anawe mikono na kubadili nguo kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Weusi mpya unaotokea mashavuni na katika ulimi wa mtu aliyekuwa hana, hali anakonda, anachoka kupita kiasi, anaona kizunguzungu asimamapo na anatamani chumvi, huweza kuwa dalili ya kushindwa kwa tezi zilizo juu ya figo. Ugonjwa huo ulielezwa na Thomas Addison mwaka 1855, na kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake. Kukosa kuutambua kwaweza kuua. Ukitambuliwa, vidonge vya kila siku humrudisha mtu kazini.

Rangi ya zambarau au nyekundu iliyoiva sana, hasa kwenye kaakaa, pengine ikiwa bapa, pengine imeinuka kama kifundo, yatutaka tukumbuke saratani ya Kaposi, iliyopewa jina la tabibu wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Katika nchi yetu ilijulikana hata kabla ya Ukimwi, lakini Ukimwi uliizidisha sana. Mwaka 1994 wanasayansi walikigundua kirusi kinachoisababisha. Aonekanaye nayo hupimwa virusi vya Ukimwi. Dawa za kudhibiti virusi, pamoja na zile za saratani pale inapohitajika, zimewarudishia wengi uhai wao. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, imekuwa ikiwatibu wagonjwa wa saratani tangu mwaka 1967.

Mwisho, doa jeusi lililo peke yake, lenye kingo zisizo sawa, linalokua au kubadilika rangi, hasa kwenye kaakaa au ufizi wa juu, lisingojewe hata wiki moja. Ni nadra liwe saratani ya chembe za weusi, lakini saratani hiyo ni kali mno.

Kinywa cha mtoto

Mtoto mwenye homa, mafua na macho mekundu atazamwe ndani ya mashavu. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya nyama nyekundu ni dalili ya surua, nazo hutokea kabla ya vipele vya ngozi. Henry Koplik wa Marekani alizieleza mwaka 1896. Azionaye amtenge mtoto na wenziwe na kumpeleka kituoni, na bora zaidi ni kuhakikisha kwamba chanjo ilitolewa kwa wakati wake.

Mama wa mtoto mchanga akiona vivimbe vidogo vyeupe kama lulu katikati ya kaakaa, asihangaike, hupotea vyenyewe. Lakini uko weupe mwingine ulioleta msiba katika nyumba nyingi. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kushikwa na homa, ufizi wake hutazamwa, na pale jino la chonge linapojitayarisha huonekana uvimbe wenye weupe. Watu husema ni ebiino, na huko Tanzania husema ni meno ya plastiki, kisha mtoto hupelekwa kuchokolewa ufizi kwa kisu au spoku ya baiskeli. Ndugu zangu, kile kitolewacho, kilicho laini na cheupe kama funza, ni jino la mtoto ambalo halijakomaa. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu, kwa pepopunda na kwa sumu iliyoingia katika damu, na waliopona wamekua bila chonge zao. Kuhara hakutoki kwenye ufizi. Mtoto aharishaye apewe maziwa ya mama zaidi, maji yenye chumvi ya kuongeza maji mwilini, na vidonge vya zinki. Mwenye homa apimwe malaria.

Mtoto wa miaka 2 hadi 6 aliyedhoofu kwa utapiamlo, hasa baada ya surua, akianza kutoka damu katika ufizi, kinywa kikanuka na ufizi ukawa na rangi ya kijivu au nyeusi, apelekwe siku hiyo hiyo. Huo huenda ukawa ugonjwa wa noma, uwezao kula shavu na taya kwa siku chache tu. Ukikutwa mwanzoni, dawa za kuua vijidudu, usafi wa kinywa na chakula chenye nguvu humwokoa mtoto. Usipotibiwa, walio wengi hufa. Mwezi Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliutia noma katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Sisi nyumbani tusiusahau.

Ukaguzi wa siku moja katika mwezi

Jamaa kila moja na ichague siku moja katika mwezi, pengine siku ya mshahara, kwa kuwa hiyo haisahauliki. Simama penye mwanga na kioo, au mwenzio ashike tochi. Nawa mikono. Vua meno ya bandia kama unayo. Tazama midomo nje na ndani. Vuta shavu moja, kisha la pili. Toa ulimi, uugeuze kulia na kushoto, na kingo zake zitazamwe mpaka nyuma. Inua ulimi ugusane na kaakaa, utazame chini yake. Inamisha kichwa nyuma utazame kaakaa. Mwisho papasa kwa kidole sakafu ya kinywa, kisha papasa shingo uone kama kuna vifundo. Kazi yote haimalizi dakika tatu.

Ukiona baka, jiulize maswali manne. Je, lafutika? Je, liko upande mmoja tu? Je, ni gumu au limeinuka? Je, limekuwapo kwa muda gani? Swali la nne ndilo kubwa. Vidonda vingi vya kawaida vya kinywani hupona katika siku 7 hadi 14. Basi baka au kidonda kilichozidi wiki 2, kiwe chauma au hakiumi, kitazamwe na mganga wa meno au tabibu. Andika tarehe ya kwanza uliyokiona ukutani au katika daftari, kwa maana mtu asiye na maumivu husahau kuhesabu siku.

Huko hospitali, mganga ataondoa kwanza sababu zilizo wazi, kama vile jino lenye ncha. Baka lisipoondoka, atatia ganzi na kukata kipande kidogo cha nyama kipimwe kwa darubini. Wako wasemao kwamba saratani ikiguswa na kisu hukasirika na kuenea. Si kweli. Kipande hicho ndicho kiwezacho kusema ukweli, na tiba iliyoanza wakati baka ni dogo huacha mtu na ulimi wake, sauti yake na sura yake. Ikichelewa, huchukua vyote vitatu, na pengine uhai.

Neno kwa askari na mkewe

Katika vita vikuu viwili vya dunia, majeshi ya Ulaya yaliwagawia askari sigara pamoja na posho, na tabia ile ikabaki makambini, baba akimrithisha mwana. Mvuto wa sigara husaidia kukesha zamu, nasi hatukatai; lakini lindo moja hupita, na baka hubaki. Tumbaku peke yake ni hatari. Ikiungana na waragi, hatari hazijumlishwi bali huzidishwa. Popoo za tambuu nazo, hata zikitafunwa bila tumbaku, zilitangazwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa zasababisha saratani. Nayo tumbaku ya vipakiti iwekwayo chini ya mdomo isidhaniwe kuwa salama kwa vile haitoi moshi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 iliipiga marufuku katika Uganda. Aachaye leo hupunguza hatari yake, na mabaka mengi meupe ya tumbaku hufifia mwenye nayo aachapo.

Ndugu askari, twajua kwa nini wengine hunyamaza. Huhofia kwamba wakionekana wagonjwa watanyimwa kozi, cheo au safari ya kulinda amani. Lakini wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Afande aliye na busara humruhusu kijana wake saa mbili za kwenda hospitali leo, kuliko kumsindikiza kwa gwaride la mazishi kesho. Nawe mke wa askari, ambaye mara nyingi ndiwe wa kwanza kugundua kwamba mwenzio anatafuna upande mmoja, au anakwepa pilipili aliyoipenda, usilaumu wala kutuhumu. Mwambie, "Baba fulani, fungua kinywa nikutazame," kisha naye akutazame wewe. Watoto wakiona wazazi wao wakitazamana vinywa bila haya, nao watajifunza kusema mapema.

Tumetaja rangi nyingi, na huenda msomaji asizikumbuke zote. Basi akumbuke neno moja tu: rangi mpya kinywani isiyoondoka katika siku 14 ionyeshwe kwa mganga, hata ikiwa haiumi, tena hasa ikiwa haiumi.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyahifadhi katika nyumba za kambi.